Uzito na Idadi: Historia ya Urejeshaji wa Kumbukumbu Nyingi Ndogo Wilayani Kilosa na Mikumi, kuanzia 1916 hadi Zama za Seva

1.0 Utangulizi

Usalama wa kumbukumbu za umma hupimwa mara nyingi kwa swali moja: je, nakala ipo? Afisa anayeulizwa hujibu kwamba nakala rudufu huchukuliwa kila usiku, na jibu hilo huhesabiwa kuwa limetosha. Swali la pili, ambalo kwa kawaida huulizwa baada ya msiba kutokea, ni la muda. Ikiwa kumbukumbu asilia zitapotea leo, itachukua siku ngapi hadi zirudi mahali pake, kila moja kwa jina lake na ikiwa tayari kwa matumizi? Insha hii inashughulikia swali hilo la pili. Inalichunguza kupitia historia ya kumbukumbu katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji mdogo wa Mikumi na hifadhi ya taifa yenye jina hilo.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba muda wa kurejesha kumbukumbu hutawaliwa na idadi ya vipande kuliko uzito wa jumla. Wahandisi wa seva hulitambua jambo hili wanapoona faili nyingi ndogo zikichukua siku kadhaa kurudi, ilhali faili moja kubwa yenye ujazo uleule hurudi kwa dakika chache. Hata hivyo, tatizo lenyewe halikuzaliwa na kompyuta. Lilikuwapo katika masjala ya karatasi, na historia ya Kilosa inaonesha namna lilivyojitokeza kwa sura tofauti katika vipindi tofauti. Hoja ya nyongeza inatokana na hiyo ya kwanza: kwa kuwa vipande vingi haviwezi kurudi vyote kwa wakati mmoja, uamuzi wa kipi kirudi kwanza hauwezi kuachwa kuwa wa kifundi peke yake. Ni uamuzi wa kiutawala unaogusa haki za watu.

Kilosa inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni wilaya ambayo ardhi yake imebishaniwa kwa zaidi ya karne moja, na katika ubishani huo karatasi ndogo kama muhtasari wa mkutano au mchoro wa mpaka imekuwa na uzito mkubwa. Pili, ni wilaya iliyo katika hatari halisi ya maafa, hususan mafuriko ya Mto Mkondoa. Mahali penye sifa hizo mbili, kasi ya urejeshaji huwa sehemu ya utoaji haki.

2.0 Ufafanuzi wa Tatizo

Kabla ya kuingia katika historia, ni muhimu kueleza jinsi tatizo linavyotokea ndani ya mashine. Tuseme seva mbili zina data yenye ujazo sawa wa gigabaiti 100. Seva ya kwanza ina faili moja kubwa. Seva ya pili ina faili 10,000,000, kila moja ikiwa na kilobaiti 10: barua, fomu fupi na michoro midogo. Diski ya kuzunguka inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde inaweza kuirejesha faili ya seva ya kwanza kwa takribani dakika 11. Kwa seva ya pili, hesabu ni nyingine kabisa. Ikiwa kila faili itagharimu milisekunde 10 za shughuli za pembeni, jumla yake ni sekunde 100,000, yaani karibu saa 28. Gharama hiyo ikipanda hadi milisekunde 30 kwa kila faili, kazi itachukua takribani siku tatu na nusu.

Shughuli hizo za pembeni ndizo kiini cha jambo. Ili faili moja irejeshwe, mfumo wa uendeshaji hutafuta folda inayostahili, huandika jina jipya katika orodha ya folda hiyo, hufungua ingizo la sifa za faili, hutenga nafasi katika diski, huandika maudhui, huweka mmiliki, ruhusa na tarehe, kisha hufunga. Hatua nyingi kati ya hizo huandikwa mahali tofauti juu ya diski, na kila mara kichwa cha kusomea hulazimika kuhama. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo kungoja tu sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa huchukua wastani wa milisekunde 4.2, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Maudhui ya kilobaiti 10 huandikwa kwa chini ya milisekunde moja. Muda uliobaki wote hutumika kuyaandalia mahali.

Jambo la pili ni tofauti iliyopo kati ya kunakili na kurejesha. Nakala ya kila usiku kwa kawaida hubeba mabadiliko ya siku hiyo pekee: faili mia chache zilizoongezwa au kusahihishwa. Kwa hiyo kazi ya usiku huisha mapema na ripoti ya asubuhi husomeka vizuri. Siku ya kurejesha, mambo hugeuka. Yanayotakiwa si mabadiliko ya siku moja bali malimbikizo ya miaka yote, tena kwa mfuatano: nakala kamili kwanza, kisha nyongeza zake moja baada ya nyingine. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Taasisi iliyojaza kibaba kwa miaka 10 haiwezi kutarajia kukijaza upya kwa usiku mmoja kwa kutumia punje zilezile.

3.0 Kuzika na Kufukua: Majalada ya Kijerumani, 1916–1973

Mfano wa kale na ulio wazi zaidi wa tatizo hili katika historia ya Tanzania unatokana na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Agosti 1916 majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yalisonga mbele kuifuata Reli ya Kati, yakaiteka Kilosa na kuingia Morogoro tarehe 26 ya mwezi huo. Makao ya serikali ya Kijerumani yalikuwa yamekwisha kuhamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na baadaye Tabora. Tabora nayo ilitwaliwa na majeshi ya Ubelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Katika harakati hizo, sehemu ya majalada ya serikali kuu ilizikwa ardhini ili yasiangukie mikononi mwa adui.

Kitendo hicho cha kuzika kinaweza kutazamwa kama aina ya uhifadhi wa dharura. Kiliyaokoa majalada, kwani baada ya vita yalifukuliwa na kurudishwa Dar es Salaam. Hata hivyo, kufukuliwa hakukuwa sawa na kurejeshwa. Masjala ya Kijerumani ilikuwa na mpangilio wake wa nambari na mada, na thamani ya jalada moja ilitegemea nafasi yake katika mpangilio huo. Majalada yaliyorudi yalikuwa maelfu, na kila moja lilihitaji kufunguliwa, kusomwa, kutambuliwa na kupewa mahali pake. Kazi hiyo haikukamilishwa na utawala wa Uingereza. Ilifanywa kwa utaratibu wa kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Tanzania huru kuwa na Nyaraka za Taifa, kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi. Orodha kamili iliyohaririwa na Eckhart G. Franz na Peter Geissler ilichapishwa Marburg mwaka 1973. Kati ya mwaka wa kuzikwa na mwaka wa orodha hiyo ilipita miaka 57.

Ucheleweshaji huo haukuwa wa kitaaluma tu. Baada ya vita, mashamba makubwa ya Wajerumani yalichukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa wamiliki wapya. Kilosa na Kimamba, zilizoko kando ya reli, zilikuwa miongoni mwa maeneo yenye mashamba ya mkonge yaliyopita katika mikono hiyo. Nyuma ya kila shamba kulikuwa na swali la nani alitumia ardhi hiyo kabla ya mkoloni kuimega, na kwa masharti gani. Majibu ya maswali ya aina hiyo, pale yalipoandikwa, yalikuwa katika vipande vidogo: barua ya afisa, mchoro, taarifa ya ukaguzi. Kwa muda ambao vipande hivyo havikuwa na mpangilio, mpimaji au wakili angeweza kuambiwa kwa ukweli kabisa kwamba kumbukumbu zimehifadhiwa, na bado asipate anachokitafuta.

4.0 Kitabu cha Wilaya na Masjala

Utawala wa Uingereza ulileta njia mbili za kutunza kumbukumbu za wilaya, na kila njia ilikuwa na tabia yake katika suala la urejeshaji.

Njia ya kwanza ilikuwa Kitabu cha Wilaya. Kila wilaya, Kilosa ikiwamo, ilikuwa na kitabu ambamo maofisa waliofuatana waliandika kwa ufupi habari za watawala wa jadi, mila, mipaka, hali ya hewa, mazao na matukio. Maandishi hayo yalikuwa mafupi na ya mikono mingi, lakini yalikusanywa pamoja. Mkusanyo huo uliwezesha jambo ambalo majalada yaliyotawanyika hayakuliwezesha: vitabu vya wilaya vilipigwa picha kwenye maikrofilamu na kusambazwa katika maktaba za nchi kadhaa. Mpiga picha alifungua kitabu ukurasa wa kwanza na kuendelea mbele hadi wa mwisho, bila kutafuta wala kupanga. Leo msomaji aliye mbali na Kilosa anaweza kuyasoma yaliyomo. Udhaifu wa njia hiyo uko katika utafutaji: anayetaka aya moja kuhusu mpaka wa eneo fulani la Ukaguru hana budi kuizungusha filamu tangu mwanzo.

Njia ya pili ilikuwa masjala. Humo kila barua iliyoingia ilipewa nambari ya folio, ikafungwa katika jalada lenye nambari na jina, na jalada likaorodheshwa katika faharasa. Mwendo wa jalada kutoka meza moja hadi nyingine uliandikwa katika daftari lake. Faida ya masjala ilikuwa wepesi wa kukipata kipande kimoja: mtunza kumbukumbu hodari alileta jalada kabla ya mgeni kumaliza kueleza shida yake. Udhaifu wake ulijificha. Masjala ilipovurugika, kila folio ilihitaji mkono wa mtu anayeijua, na hakukuwa na namna ya kuirudisha kwa mkupuo.

Njia hizi mbili zinafanana sana na njia mbili za kunakili data zilizojadiliwa na wahandisi wa kompyuta miongo kadhaa baadaye. Ya kwanza hunakili diski nzima kwa mfuatano wa nafasi zake bila kujali majina ya faili. Ya pili hunakili faili moja moja kwa jina. Ya kwanza hurejesha vyote kwa haraka na kimoja kwa shida. Ya pili hurejesha kimoja kwa urahisi na vyote kwa taabu. Uchaguzi kati ya njia hizo unategemea aina ya upotevu unaotarajiwa, na taasisi inayojiandaa kwa upotevu wa barua moja peke yake haijajiandaa kwa moto wala mafuriko.

5.0 Ardhi, Kijiji na Karatasi Ndogo

Baada ya uhuru, idadi ya vipande iliongezeka kwa kasi. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa chombo cha kisheria, na hivyo kuwa mzalishaji wa kumbukumbu. Kabla ya hapo, mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulikuwa umeziondoa halmashauri za wilaya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ikaweka msingi wa kuzirejesha. Kila badiliko la aina hii lilimaanisha kwamba majalada yalibadilisha mwenye dhamana. Mwaka 2012 Gairo ilimegwa kutoka Kilosa na kuwa wilaya kamili. Kwa mtazamo wa ramani, huo ulikuwa mstari mmoja uliochorwa. Kwa mtazamo wa masjala, kila kijiji kilichohamia upande wa pili kilipaswa kufuatwa na majalada yake, moja baada ya jingine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilizidisha hali hiyo. Chini ya sheria hiyo, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na halmashauri ya kijiji inatakiwa kutunza daftari la ardhi. Nyuma ya kipande kimoja cha shamba huwapo fomu ya maombi, muhtasari wa kikao kilichoridhia, maelezo ya majirani walioshuhudia mipaka, mchoro na hati yenyewe. Kijiji chenye vipande 1,000 vya ardhi kinaweza hivyo kuwa na nyaraka 5,000 au zaidi. Kwa ujazo, nyaraka hizo zikiwekwa kwenye kompyuta ni kidogo mno na zote zinaenea katika kifaa cha mfukoni. Ugumu unakuja pale vijiji vya wilaya nzima vinapounganishwa katika seva moja, huku kila waraka ukiwa faili inayojitegemea.

Umuhimu wa nyaraka hizi katika Kilosa hauhitaji kukisiwa. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika mgogoro baina ya wakulima na wafugaji. Benjaminsen, Maganga na Abdallah (2009) wanapinga maelezo yanayouhusisha mgogoro huo na uhaba wa rasilimali peke yake. Wanaelekeza kwenye sera zilizowaweka wafugaji pembezoni na utawala wa ardhi ulioharibiwa na rushwa. Hoja yao ina maana ya moja kwa moja kwa suala la kumbukumbu. Pale utawala unaposhukiwa, waraka unaoonesha mpaka ulikubaliwa lini na akina nani ndio kinga ya mnyonge. Waraka huo usipopatikana kwa wiki mbili, pengo hilo hujazwa na mwenye nguvu au mwenye fedha. Usemi wa wafanyabiashara kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unaihusu ardhi pia, kwa nyongeza kwamba daftari lisilofunguka siku ya shauri halitofautiani na daftari lisilokuwapo.

6.0 Mikumi: Maisha ya Nyani katika Vipande

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Historia yake inatoa mfano wa kumbukumbu za aina nyingine, zile za sayansi. Katika miaka ya 1970 watafiti wakiongozwa na Ramon Rhine walianza kuwafuatilia nyani wa njano wa hifadhi hiyo kwa muda mrefu. Kazi ya kila siku ya ufuatiliaji wa namna hiyo ni kuandika vitu vidogo: nani yupo, nani amezaa, nani hakuonekana. Ingizo moja la daftari halina maana kubwa likiwa peke yake.

Thamani yake ilionekana baadaye. Mwaka 2000 Rhine, Norton na Wasser walichapisha uchambuzi kuhusu urefu wa maisha na uzazi wa nyani jike wa Mikumi katika kipindi cha uhai wao wote. Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa sampuli ya mwezi mmoja. Linahitaji maingizo ya miaka mingi yaliyounganishwa kwa jina la mnyama mmoja mmoja, kiasi kwamba kukosekana kwa miaka michache katikati kunaweza kulivunja umbo zima la maisha ya mnyama. Kumbukumbu za namna hii zinatofautiana na zile za ardhi kwa jambo moja linalohusu urejeshaji. Mtafiti anaweza kungoja mwezi mmoja data irudi, lakini anahitaji irudi yote. Mwanakijiji mwenye shauri la mpaka anahitaji nyaraka tano tu, lakini anazihitaji wiki hii. Mfumo mmoja wa kurejesha usiobagua kati ya mahitaji hayo mawili utamkosea mmoja wao.

7.0 Njia Zilizobuniwa: Kutoka Tepu hadi Seva

Historia ya kompyuta yenyewe inaonesha kwamba suluhisho limetafutwa kwa miongo mingi, na kwamba wazo la msingi halijabadilika sana: punguza idadi ya vipande mashine inavyolazimika kuvishika.

Programu ya tar, iliyotoka pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, ilibuniwa kwa ajili ya tepu. Ilichukua faili nyingi na kuzifunga katika mfuatano mmoja, kwa kuwa tepu inayokosa data husimama, hurudi nyuma kidogo na kuanza tena, na vituo hivyo huiua kasi yake. Mwaka 1984 McKusick na wenzake wa Berkeley walieleza mfumo wa faili uliopanga vitu vinavyohusiana karibu karibu juu ya diski ili kupunguza mwendo wa kichwa. Mwaka 1997 Ganger na Kaashoek walipendekeza sifa za faili ziwekwe ndani ya folda yake, na faili ndogo za folda moja zipangwe pamoja. Mwaka 1999 Hutchinson na wenzake walilinganisha moja kwa moja kunakili kwa majina ya faili na kunakili kwa nafasi za diski, wakaonesha nguvu na udhaifu wa kila njia. Mwaka 2010 wahandisi wa Facebook walieleza mfumo wa Haystack, uliobuniwa wakati kampuni hiyo ikihifadhi picha zaidi ya bilioni 260. Waligundua kwamba kutafuta sifa za kila faili kuligharimu kuliko kusoma picha yenyewe, hivyo wakaziweka picha nyingi ndani ya faili moja kubwa yenye faharasa yake.

Msomaji wa historia ya Kilosa hatashindwa kuona kwamba Haystack inaunganisha zile njia mbili za kikoloni: kitabu kilichojumlisha na faharasa ya masjala. Kilichowashinda maofisa wa wakati huo kilikuwa ni kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka zimepunguza sana adha ya kichwa kuhama, lakini hazikuiondoa gharama ya kila faili. Kufungua, kuandika sifa, kuthibitisha na kufunga bado hufanywa kwa kila jina, na programu ya kurejesha inayofanya hivyo kwa faili moja baada ya nyingine huiacha diski ya kasi ikingoja bila kazi.

8.0 Mto, Kebo na Umbali wa Nakala

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika na kuingia katika mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na Reli ya Kati ilikatika katika eneo la kati ya Kilosa na Gulwe. Fundisho la kawaida linalotolewa kutokana na tukio kama hilo ni kwamba nakala ya kumbukumbu za mji haipaswi kukaa katika mji huohuo. Fundisho hilo ni sahihi, lakini halijakamilika, kwa sababu kadiri nakala inavyokuwa mbali ndivyo idadi ya vipande inavyozidi kuuma.

Hesabu nyingine inalidhihirisha hilo. Tuseme nakala iko katika seva ya nje ya Afrika, na ujumbe mmoja kwenda na kurudi unachukua milisekunde 200. Ikiwa programu inahitaji safari tatu za aina hiyo kwa kila faili, na inafanya faili moja kwa wakati mmoja, faili 1,000,000 zitachukua sekunde 600,000, yaani takribani siku saba, hata kama upana wa njia ni mkubwa kiasi gani. Kuongeza upana wa njia hakutibu ugonjwa huu, kama ambavyo kupanua barabara hakumsaidii mjumbe anayetumwa na barua moja moja. Zaidi ya hayo, njia yenyewe inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika kebo za baharini za EASSy na SEACOM ziliathiri intaneti Tanzania na nchi jirani. Maafa mawili yakigongana, nakala iliyo ng'ambo haifikiki katika siku ambazo inahitajika zaidi.

Katika mazingira ya Kilosa na Mikumi, umbali unaofaa ni ule wa kati. Nakala iliyo nje ya bonde la Mkondoa lakini ndani ya nchi inaweza kufungashwa katika faili chache kubwa, ikaandikwa kwenye diski na kusafirishwa kwa barabara ndani ya siku moja. Kwa data ya ujazo wa wilaya, gari linaweza kuushinda mtandao. Serikali ina nyenzo za kuweka kanuni za aina hii: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 zinagusa, moja upande wa karatasi na nyingine upande wa mifumo, dhamana ya taasisi za umma juu ya kumbukumbu zake.

9.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba ugumu wa kurejesha kumbukumbu nyingi ndogo una historia ndefu kuliko ile ya seva. Majalada ya Kijerumani yaliokolewa mapema na kurejeshwa katika mpangilio baada ya zaidi ya nusu karne. Kitabu cha Wilaya na masjala vilitoa majibu mawili yaliyopishana, na majibu hayo yanaonekana tena katika uhandisi wa kompyuta tangu miaka ya 1970. Mabadiliko ya sheria baada ya uhuru yaliongeza idadi ya vipande bila kuongeza kwa kiwango hicho uwezo wa kuvirudisha.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa kwa taasisi zinazohamisha kumbukumbu za vijiji kwenda katika seva. La kwanza ni kuhesabu faili na kuripoti idadi yake, badala ya kuripoti gigabaiti peke yake. La pili ni kufungasha kumbukumbu zilizofungwa, kama vile za mwaka uliokwisha, katika mafungu yenye faharasa, ili zinazobaki zikijitegemea ziwe zile tu zinazotumika. La tatu ni kufanya jaribio la kurejesha kila mwaka kwenye mashine tupu na kuandika muda uliotumika, kwa kuwa muda huo hauwezi kubashiriwa kutokana na ripoti za usiku. La nne, na lililo zito kuliko yote, ni kuamua mapema na kwa uwazi mpangilio wa kurejesha. Katika wilaya yenye historia ya Rudewa Mbuyuni, nyaraka za mipaka ya vijiji na hakimiliki za kimila zinastahili kurudi kabla ya mafaili ya samani na posho. Mpangilio huo ukiachwa bila kuamuliwa, programu itarejesha kwa mfuatano wa majina ya folda, na shauri la mwanakijiji litangoja zamu ya herufi yake. Hadi taasisi itakapothibitisha kwa majaribio kwamba inaweza kurejesha kwa wakati, daftari la karatasi lililoko katika ofisi ya kijiji linapaswa kuendelea kutunzwa na kutambuliwa kama kumbukumbu kamili.